Sura ya Nne: Rangi ya Daraja

Penye wazee ndipo neno huharibika, na wakiongezewa chai huharibika likavunda. Inspekta Jerono alilisadiki hilo asubuhi ya Jumamosi, aliposimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwa Mzee Gichuki, mjini Kitale, akakuta mahali pa wizi pamejaa wazee wa kanisa. Mmoja alikuwa ameegemea meza ile ile ambayo Jerono alikuja kuitafutia alama za vidole. Mwingine alikuwa akimega mkate, na makombo yalidondokea mapaa ya stesheni ndogo iliyojengwa juu ya meza.

"Karibu, Inspekta," alisema mwenye mkate, mzee mrefu wa shingo aitwaye Ngari. "Tumekuja kumfariji mwenzetu."

"Mmegusa nini?"

"Hatujagusa kitu sisi."

"Kikombe chako kiko juu ya Mlima Elgon."

Mzee Ngari alikiinua kikombe, akakipangusa kilele cha plasta kwa kiganja chake kipana, na kama palikuwa na alama yoyote kileleni, ikaenda zake. Jerono alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, wazee bado walikuwapo. Aliwatoa kwa adabu ya kazi, ambayo haikuwa nyingi, akabaki na mwenye nyumba.

Mzee Gichuki alikuwa steshenimasta mstaafu. Wenzake wakistaafu hununua ng'ombe. Yeye alinunua mbao, akakijaza chumba kizima meza, na juu ya meza akajenga reli. Ilikuwa reli ndogo, ya treni za kuchezea, ingawa neno "kuchezea" halikutamkwa mbele yake mara mbili. Ilianzia stesheni ya Kitale kwenye kona ya dirishani, ikapenya katikati ya mahindi ya maranda yaliyotiwa rangi, ikazunguka Mlima Elgon, ikafika mto Nzoia, ambao ulikuwa kioo kilichopakwa rangi ya matope upande wa chini, kisha ikaishia stesheni ya Bungoma karibu na mlango. Kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka ule wa themanini na tisa, meza hiyo ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye lori na kupelekwa uwanjani, na foleni ya kuitazama ikaishinda foleni ya fahali wa tuzo.

Sasa mto haukuwa na daraja. Reli ilifika ukingoni ikakatika, ikaanza tena ng'ambo kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nini kingine kimechukuliwa?" Jerono aliuliza.

"Daraja na injini. Ile nyeusi."

"Mabehewa?"

"Yapo."

"Redio ile?"

"Si unaiona."

"Cherehani ya mama?"

Mzee Gichuki alikunja uso. "Inspekta, mimi nimeibiwa daraja. Habari ya cherehani imetoka wapi?"

"Nauliza ni mwizi gani anaingia nyumba hii, anaacha redio, anaacha cherehani, halafu anabeba daraja lisiloweza kuvusha hata kuku."

"Mwizi mnaye. Absalom. Mlimshika wenyewe. Kilichobaki ni yeye aseme amelipeleka wapi."

Ndiyo, walikuwa naye, na hilo ndilo lililokuwa likimkwaruza Jerono kooni kama mwiba wa samaki. Absalom alikuwa fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Misikhu, mwenye kibanda chake mtaani Matisi, ambaye alikuwa akija kumtengenezea mzee nyaya za umeme chini ya meza. Konstebo Kipkoech alimkamata Alhamisi jioni, siku daraja lilipopotea, Jerono akiwa Endebess kwa kesi nyingine. Jumatatu asubuhi alitakiwa kufikishwa mahakamani. Jumatatu hiyo hiyo, asubuhi hiyo hiyo, alitarajiwa kuanza kazi katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, kazi aliyoingoja tangu amalize masomo ya ufundi. Kiwandani asiyefika siku ya kwanza hakutafutwa. Nafasi yake alipewa yeyote aliyesimama langoni, na langoni hakukosekani mtu.

Jerono aliinama juu ya mto. Kando ya kioo palikuwa na kisahani cha kikombe, na ndani ya kisahani skrubu zote zilizolishikilia daraja, kubwa na kubwa zenzake, ndogo na ndogo zenzake. Hakuna mkwaruzo kwenye mbao. Hakuna reli iliyopinda.

"Mwizi mstaarabu huyu," alisema. "Komeo la mlango halijaguswa. Ufunguo mnauweka wapi mkitoka?"

"Chini ya chungu cha maua."

"Nani anajua?"

"Absalom."

"Na nani mwingine?"

"Absalom," alisema mzee, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Jerono alimpuuza, akatazama ukuta. Palikuwa na misumari miwili ya shaba, mmoja juu ya kila stesheni. Wa Kitale ulikuwa mtupu. Kwenye wa Bungoma ilining'inia pete ya chuma yenye kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa kuliko kitu chochote chumbani mle.

"Na hii?"

Mzee Gichuki aliokota kombo la mkate kwenye paa la stesheni.

"Pambo."

"Pambo tu?"

"Ukumbusho wa kazi. Sasa, Inspekta, utamhoji kijana au utaendelea kunihoji mimi mwenye hasara?"

Jikoni, Mama Wacuka, mke wa mzee, alikuwa akimenya viazi kwa kisu kifupi. Jerono alichukua kigoda bila kukaribishwa, akachukua kiazi pia, akaanza kumenya. Mtu huongea vizuri zaidi akisaidiwa kazi.

"Mama, ile pete yenye shaba ukutani, nikiichukua kituoni kuna ubaya? Mzee amesema ni pambo."

Kisu cha Mama Wacuka kilisimama. "Amekwambia ni pambo?"

"Amesema hivyo."

"Haiya. Mimi nimeolewa pamoja na hiyo pambo, Inspekta. Siku moja nikipanguza vumbi niliitundika kwa msumari ule mwingine. Huyo mzee alikataa chakula. Ati nimegonganisha treni."

"Treni zilikuwa zinatembea?"

"Zilikuwa zimelala. Lakini hiyo ni tokeni, si mchezo. Kwa reli ya kweli, njia ikiwa moja, dereva hawezi toka stesheni kama hajapewa tokeni kwa mkono. Akifika huko anaikabidhi. Ikiwa Kitale, injini iko Kitale. Ikiwa Bungoma, basi injini imefika Bungoma. Hapo kwa meza ni hivyo hivyo. Hata askofu alipokuja, alishikishwa tokeni kwanza ndiyo akaruhusiwa kubonyeza swichi."

"Alhamisi asubuhi ilikuwa msumari gani?"

"Kitale. Nilipanguza nikiogopa."

Jerono alikitupa kiazi ndani ya sufuria. Mtu alikuwa amefungua skrubu, akazipanga, akabeba daraja na injini, na kabla ya kutoka akasimama, katikati ya wizi wake, akahamisha tokeni kutoka Kitale kwenda Bungoma. Mwizi wa kawaida angeiacha pale ilipokuwa, au angeiiba, maana shaba huuzika. Huyu aliona aibu kuondoka stesheni bila utaratibu.

"Absalom huwa anaendesha treni?"

"Absalom ni wa nyaya. Huyo kazi yake ni chini ya meza, hajawahi pewa tokeni hata siku moja. Wanaoendesha ni wawili tu."

"Mzee na nani?"

Mama Wacuka alirudi kwenye viazi vyake kwa bidii ya ghafla.

"Mama."

"Zachary," alisema hatimaye, macho yakiwa kwenye kisu. "Dereva wa treni wa zamani. Anakaa Bungoma. Wamejenga hiyo kitu pamoja tangu wastaafu: mzee milima na stesheni, Zachary daraja na injini. Hajakanyaga hapa tangu maonyesho. Na mimi sijakwambia."

"Waligombana nini?"

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Uliza wao, Inspekta. Mimi nikianza kueleza nitajikata."

Kituoni, mkuu wa kituo, Rotich, hakutaka kusikia habari ya pete wala msumari. Alikuwa amepokea simu. Mtu mmoja alikuwa amepiga kutoka Misikhu kusema kwamba Alhamisi alasiri alimwona Absalom akishuka sokoni na kitu kikubwa ndani ya gunia, kirefu, chenye ncha za chuma.

"Hilo ndilo daraja," alisema Rotich. "Nenda ulichukue, tufunge faili. Mzee Gichuki si mtu wa kusumbuliwa. Tunakaa naye benchi moja kanisani."

"Afande, mzee amenidanganya."

"Mzee amesahau. Wazee husahau."

"Steshenimasta hasahau tokeni."

"Misikhu, Jerono."

Kabla ya kuondoka alipitia seli. Absalom alikuwa ameketi sakafuni bila viatu, mikono yake yenye makovu ya cheche imekumbatia magoti. Aliponyanyuka ilibidi ashike suruali, kwa sababu mshipi wake ulikuwa kaunta.

"Afande, Jumatatu," alisema, kabla hata ya salamu.

"Najua Jumatatu. Alhamisi ulibeba nini kwenda Misikhu?"

"Banda la kuku."

"Banda la kuku?"

"La shangazi yangu Jentrix. Nililichomelea mwenyewe, la nondo nyembamba. Anauza omena hapo sokoni, mtu yeyote atakuonyesha."

"Kwa nini hukusema?"

"Si nilisema. Konstebo alisema hajawahi kuona kuku anaishi ndani ya gunia."

Jerono aligeuka kumtazama Konstebo Kipkoech, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na funguo za Landrova mkononi. Kipkoech aliona kuna jambo la maana sana darini.

Walishuka barabara ya Webuye, wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa, mahindi yakiwa yamesimama pande zote mbili. Sokoni Misikhu hawakupata taabu ya kumtafuta Jentrix. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na alipomwona Kipkoech katika sare aliweka chini kopo lake la kupimia dagaa wa omena, akashika kiuno.

"Ndiye huyu?" aliwauliza wauzaji wenzake. "Ndiye huyu alishika mtoto wetu?"

"Mulembe, mama," Jerono alimsalimu.

"Mulembe. Wewe sina neno na wewe. Huyu mwenye kofia. Kijana, umekula leo?"

"Bado, mama," alisema Kipkoech, akajutia kinywa chake hapo hapo.

"Bado. Na Absalom amekula? Mnampa nini huko? Nasikia ni uji wa maji ya kuoshea sufuria."

"Mama Jentrix," Jerono aliingilia, "tunataka kuona kile Absalom alikuletea Alhamisi."

"Twende. Twende muone silaha."

Aliwaongoza nyuma ya vibanda, soko lote likiwafuata kwa macho. Pale, chini ya paa la bati la choo, lilikuwapo banda la kuku la nondo, limechomelewa vizuri, pembe zake zimetokeza, na ndani yake jogoo mwekundu aliyewatazama kwa dharau. Gunia lilikuwa limetandikwa juu kuzuia jua.

"Mtie pingu," Jentrix alimwambia Kipkoech. "Ni huyo. Na uangalie, anadonoa."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kipkoech aliinama kulipima banda kwa mkono, kwa kuwa mtu lazima afanye kitu, na jogoo akamdonoa.

Landrova iliendelea mbele mpaka mji wa Webuye ukabaki nyuma yao. Hapo ndipo Kipkoech alipojaribu kuuliza.

"Afande, sasa tunarudi Kitale?"

"Kitale ni huku tunakokwenda?"

"Hapana."

"Basi."

Zachary Wabwile aliishi pembeni mwa mji wa Bungoma, katika nyumba ambayo mtu angeweza kutoka mlangoni mwake na kufika kwenye reli ya kweli kabla ya kumaliza kufunga vifungo vya shati. Hawakuhitaji hati ya upekuzi. Daraja lilikuwa barazani, mezani, mchana kweupe, na mzee mkubwa wa mabega alikuwa ameketi mbele yake, wembe mkononi, akilikwangua. Unga wa rangi ya fedha ulikuwa umejaa magotini pake. Injini nyeusi ilisimama kwenye ukingo wa dirisha, ikitazama barabara.

Lilikuwa daraja zuri, Jerono hakuweza kulikana hilo. Kila pao la chuma lilikuwa jembamba kama spoku ya baiskeli na limefungwa kwa ribiti ndogo kuliko punje ya mtama. Nusu yake ilikuwa ya fedha, na nusu iliyokwisha kukwanguliwa ilikuwa nyekundu iliyoiva, rangi ile wanayopaka chuma kuzuia kutu.

"Gichuki ametuma polisi?" mzee aliuliza, bila kusimama na bila kuacha kukwangua. "Ameshindwa kuja mwenyewe? Keti, msichana wangu."

"Inspekta Jerono, wa upelelezi, Kitale. Mzee, umelitoa wapi daraja hilo?"

"Nimelitoa mtoni. Ni langu. Nimepiga kila ribiti kwa mkono huu. Tulipatana tangu mwanzo, anachojenga mtu ni chake. Milima sikugusa. Milima ni yake, akae nayo."

"Ukaingia nyumba ya mtu kwa ufunguo wa chini ya chungu."

"Yeye ndiye alinionyesha chungu."

"Ungebisha mlango, mzee. Ungemwita."

"Hatuongei," alisema Zachary, kana kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana na hauna dawa.

"Hamwongei kwa sababu ya nini?"

Wembe ulisimama. "Nimevusha treni juu ya mto huo mpaka nikapata mvi. Nimejenga daraja langu jekundu. Siku ya maonyesho nafika uwanjani nakuta limepakwa rangi ya fedha. Usiku wake amelipaka, mwenyewe, na brashi ya kupakia madirisha. Namuuliza, Gichuki, ni nini hii? Ananiambia ati litang'aa vizuri juani, watu waone kutoka mbali. Mbele ya watu. Daraja si sufuria, Inspekta."

Jerono alifungua daftari, akaandika neno moja tu. Rangi. Landrova ya serikali, petroli ya serikali, jogoo wa Misikhu, na mtu aliyeshika suruali yake kwa mkono ndani ya seli, yote kwa sababu ya rangi.

"Na tokeni?" aliuliza.

"Niliitundika Bungoma. Injini imeondoka Kitale, imefika Bungoma. Ningeiachaje Kitale? Hiyo ingekuwa uongo. Na tena nilitaka ajue. Mtu amekuwa steshenimasta maisha yake yote, akiingia chumbani kitu cha kwanza anatazama ni tokeni. Aliisoma kabla hajaona hata pengo. Kama nimemwandikia ukutani, Zachary amechukua chake, njoo tuongee."

"Kwa hiyo alijua Alhamisi."

"Alijua kabla hajavua kofia."

"Mzee Zachary, Alhamisi jioni Mzee Gichuki alimwambia konstebo wangu kwamba mwizi ni Absalom. Absalom yuko ndani mpaka sasa. Jumatatu anakwenda kortini."

Kwa mara ya kwanza mzee aliinua uso. "Absalom wa nyaya?"

"Huyo."

"Huyo ambaye amepata kazi Webuye?"

"Huyo."

Zachary alikunja wembe ndani ya karatasi, akalifunika daraja kwa shuka, akaingia ndani. Alitoka amevaa koti.

"Mimi nitabeba daraja," alisema. "Konstebo abebe injini. Kwa mikono miwili, kijana, na usiishike kwa bomba."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Kitale. Jerono alikuwa amepiga simu kutoka Bungoma, na Mzee Gichuki alikuwa amekwisha kuitwa. Aliketi kwenye benchi la kaunta na wazee wake kando yake, Mzee Ngari amekumbatia chupa ya chai. Jerono alikuwa amejiandaa kwa maneno makali baina ya mshtaki na mshtakiwa. Aliwasimamisha uso kwa uso, Zachary akaliweka daraja juu ya kaunta na kuondoa shuka.

Mzee Gichuki aliliinamia. "Umelikwangua."

"Nimelirudisha."

"Huku umeingia mpaka kwenye chuma."

"Kwa sababu ulipaka mara mbili. Nani anapaka daraja mara mbili?"

"Ya kwanza haikushika."

"Haikushika kwa sababu hukupiga msasa. Nilikwambia tangu zamani, Gichuki, wewe na rangi ni maadui."

"Na hii ribiti je? Ilikuwa imelegea hivi?"

"Iko wapi?"

Na wote wawili wakainama, vipara vikikaribia kugusana, wakiitafuta ribiti. Mzee Ngari akasogea na chai. Hatua chache nyuma ya kaunta, katika dirisha dogo la mlango wa seli, uso wa Absalom ulikuwa umetokea, ukiwatazama.

Jerono aliipiga kaunta kwa kiganja. Daraja liliruka, na wazee wakaruka nalo.

"Mzee Gichuki. Alhamisi ulipoingia chumbani, uliona nini kwanza?"

"Pengo."

"Mzee."

Mzee Gichuki alimtazama Zachary, Zachary akatazama dari.

"Tokeni," alisema Gichuki.

"Ikakwambia nini?"

"Kwamba ni huyu."

"Ukaja hapa kuripoti kwamba ni Absalom."

"Sikumtaja mimi kwanza. Ngari ndiye alisema labda ni yule kijana wa nyaya. Mimi nikaona..." Alikung'uta makombo ambayo hayakuwapo kwenye koti lake. "Nikaona si vibaya. Nilijua Zachary akisikia kijana amefungwa kwa ajili yake, atalileta daraja mwenyewe. Ana moyo huo. Na amelileta, si unaona? Kijana hangekaa sana. Jumatatu mchana ningekuja kumtoa."

"Jumatatu asubuhi anatakiwa Webuye."

"Hilo sikulijua."

"Nimelijua mimi kwa kumuuliza mara moja. Wewe amelala chini ya meza yako msimu mzima."

Mzee Ngari alifunga kifuniko cha chupa ya chai, taratibu, ili kisitoe sauti.

"Konstebo Kipkoech," alisema Jerono, "Mzee Gichuki atavua viatu."

"Afande?"

"Viatu na mshipi, uviweke kaunta. Kisha akae pale chini. Kumpa polisi habari ya uongo ni kosa, na mtuhumiwa hapa huvua viatu. Wewe ndiwe uliyemvua Absalom, unajua utaratibu."

Wazee walinyanyuka kwa pamoja, wakasema kwa pamoja, na hakuna kilichosikika. Kipkoech alipiga magoti mbele ya mzee na kuanza kulegeza kamba za viatu, masikio yake yameiva. Mzee Gichuki alikaa sakafuni kwa soksi, mgongo umenyooka, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Zachary alimtazama rafiki yake muda mrefu, akageuza uso. Mzee Ngari alikwisha kutoka mbio kutafuta simu.

Rotich alifika akiwa na shati la nyumbani. Aliona mzee wa kanisa lake yuko sakafuni, akaona daraja kaunta, akaona injini, akamwita Jerono pembeni.

"Umerukwa na akili?"

"Nimepata daraja, afande. Nimepata na aliyelichukua, na ni lake. Na nimepata aliyetudanganya. Naweza kuandika faili la Mzee Gichuki sasa hivi, liende kortini Jumatatu kwenye gari lile lile mlilomtayarishia Absalom. Au mzee aondoe malalamiko yake kwa maandishi, na Absalom atoke saa hii."

Rotich alijisugua shingo. Alimtazama mzee, akamtazama Jerono, akatazama wazee wengine waliokuwa wamejazana mlangoni, na mtu angeweza kumwona akikokotoa benchi la kanisani la kesho asubuhi.

Mzee Gichuki alitia saini akiwa amesimama kwa soksi. Kipkoech alifungua seli, akampa Absalom viatu vyake, mshipi wake, na kwa sauti ndogo akamwambia kwamba banda lile la kuku limechomelewa vizuri. Absalom aliketi kwenye benchi kufunga kamba, hakumtazama mtu. Mzee Gichuki alipita mbele yake kwenda kuchukua vya kwake kaunta, naye hakumtazama.

"Basi, yamekwisha," alisema Rotich kwa sauti ya kusikiwa na wote, akipiga makofi mawili mepesi. "Kijana yuko huru, daraja limepatikana, tumshukuru Mungu. Jerono, kuna jambo moja. Huyu ni mzee. Ameketishwa chini mbele ya watu, umri wake huu. Mwombe radhi, kila mtu aende nyumbani kwake."

Mzee Gichuki alisimama, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, akingoja kwa utulivu wa mtu aliyezoea treni kumngoja yeye.

"Huyu kijana ameketi chini tangu Alhamisi," alisema Jerono. "Sijasikia mtu akitumwa kumwomba."

"Sijakuuliza habari ya kijana. Nimekwambia umwombe mzee radhi."

"Nimesikia, afande."

"Hiyo ni amri, Jerono."

"Iandike, nami nitaijibu kwa maandishi. Lakini radhi siombi."